Neno Moja la Mkaguzi

Jumatatu, 3 Machi
Tumerudi nyumbani. Wiki tatu hospitali, na Mkaguzi ameingia mlangoni kwa kiti cha magurudumu. Upande wa kulia umelala kabisa: mkono, mguu, hata pembe ya mdomo. Kiharusi kimeondoka na maneno yake yote. Yote isipokuwa moja – asante.

Asante! Mume wangu! Mtu aliyekagua shule za watu mchana, jioni akaja kupitisha kidole juu ya kabati langu kutafuta vumbi. Miaka thelathini na moja ya ndoa sikuwahi kulisikia neno hilo. Daktari anasema ubongo una mambo yake. Nakubali.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwogesha. Maji yalikuwa ya moto mno, akafoka: "Asante!" Nikamkanyaga kidole kwa bahati mbaya – asante! Uji umepoa – asante!! Hasira ziko palepale, ila zimevaa suti. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Kumbe machozi yanamtoka. Nimejiona mbaya.

Jumapili, 9 Machi
Wifi kaja na wenzake kumjulia hali kaka yake. Kila mmoja kapewa asante yake. Wifi akanivuta jikoni: eti kaka amekuwa mpole, eti namtunza vizuri. Wifi huyuhuyu aliyetangaza kwamba hata chai sijui kupika! Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Utamu wa kusifiwa – acha tu.

Alhamisi, 13 Machi
Kliniki. Mtu wa mazoezi ya viungo kamsimamisha kwenye vyuma vya kushikilia. Hatua nne! Kisha mtaalamu wa matamshi, binti mdogo mwenye sauti ya kubembeleza, katupa kadi ishirini za picha: kikombe, mlango, kiatu. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, nyumbani, na mimi. Kasisitiza kwamba miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye faida. Ikipita, maneno yanakuwa mazito kurudi. Na akili yake nzima, anasema. Anaelewa kila kitu.

Jumamosi, 15 Machi
Kadi ziko juu ya kabati. Kesho.

Jumatatu, 17 Machi
Kesho ilikuwa jana. Namlisha, namgeuza, namnyoosha vidole kimoja kimoja. Yote hayo nafanya, tena kwa moyo. Ila hizo kadi... Kila nikizishika nasikia maneno yake yatakayorudi. Chumvi imezidi. Nani kahamisha kalamu yangu. Wewe huwezi kitu.

Niseme ukweli, hakuna anayesoma hapa: naogopa. Sitaki arudi mzima kabisa. Mke gani anaandika hivi?

Jioni nimempa chai. Asante, kasema. Nikamjibu, karibu, baba. Halafu nikaenda kulia kwenye sinki.

Alhamisi, 20 Machi
Naandika hapahapa kliniki, daftari gotini. Asubuhi nimezifuta kadi vumbi kwa upindo wa gauni. Binti wa matamshi akauliza kama mazoezi ya nyumbani yanaendelea. Nikajibu bila kupepesa: kila siku, asubuhi na jioni.

"Hapana," akasema Mkaguzi.

Wazi kabisa! Binti akaruka, akapiga makofi. Neno jipya! Akanikumbatia – hongera mama, hii ni kazi yako! Akamwomba arudie. Akarudia, macho kwangu: "Hapana."

Binti katoka mbio kumwita daktari aje asikie. Tumebaki wawili. Nimemwambia, nisamehe, baba, nilikuwa naogopa. Nikajifanya nina la kuandika.

Sasa mkono wa kushoto umezifikia kadi. Kachukua moja, kaisukuma mezani mpaka mbele yangu. Kikombe. Mdomo unahangaika, hautoi kitu. Anasubiri nilitamke neno hilo kwanza ili anifuate. Ananitazama, na mimi bado naandika