Nusu ya Kilichobaki

Dada Wawira, pole na kazi ya kubeba shida za watu. Najua mezani kwako kuna barua za wake waliotoroshwa na za waume waliopotea, na yangu ukiisoma huenda ukacheka, lakini naomba unitegee sikio kwa sababu nimechoka na sina mtu mwingine wa kumwambia.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule moja ya sekondari huku Kuresoi, nimeolewa, tuna mtoto mmoja, Kimberly, yuko gredi ya nne. Mume wangu Kipketer ni dereva. Zamani alikuwa akibeba viazi kutoka hapa kwetu hadi soko la Nakuru na jioni yuko nyumbani, ananuka udongo na dizeli, tunakula pamoja. Mwaka jana akapata kazi ya lori kubwa la masafa marefu, kituo chake ni Mai Mahiu, na siku aliyoniletea habari hiyo alikuwa na furaha sana akaniambia, "Mama Kim, huyu tajiri mpya wa lori anapeana off poa sana. Utaona, nitakuwa home zaidi." Nikafurahi na mimi, nikachinja kuku.

Basi akaenda, na kwa kuwa ni mtu asiyejua kuongea kwa simu, ukimpigia ni "niko poa" na "nyinyi je" halafu kimya, tukatafuta njia nyingine, na hapa ndipo nakuomba usicheke, tukaanza kucheza gemu. Ni gemu ya simu ya kujenga mji na kuulinda, unalima, unajenga ghala, unafunza wanajeshi, wachezaji wengine wanakuja kukuvamia na wewe unaenda kuwavamia, na watu wawili wanaweza kutawala mji mmoja kila mtu akiwa na simu yake. Mji wetu tukauita Kimberly. Yeye alikuwa kamanda na mimi waziri wa chakula, na kila jioni yeye akishaegesha lori na mimi nikishaosha vyombo tulikuwa tunaandikiana humo ndani, tupande nini, tujenge wapi, na katikati ya hayo ndipo alikuwa akiniambia mambo yake, kwamba mgongo unamsumbua, kwamba amekula ugali ambao haujaiva kwenye kibanda fulani, kwamba ametukumbuka. Dada, tuna miaka mingi ya ndoa na sikuwahi kumsikia akisema ametukumbuka.

Shida ilianzia kwenye maandishi ya hiyo gemu. Aliyeyaandika, popote alipo, hakupitia mikononi mwa mwalimu mkali. Imeandikwa "shamba hili huzalisha asilimia ishirini zaidi" na haisemi zaidi ya nini, zaidi ya jana, ama ya shamba la kawaida, ama ya la jirani. Imeandikwa "mpiga mshale huyu huongeza kasi hadi mara tatu", na hadi mara tatu inaweza kuwa hata asiongeze kitu. Mimi mambo hayo yananikera hadi nashindwa kula. Sasa ukuta wa mawe umeandikwa kwamba hupunguza hasara kwa asilimia hamsini, na mnara wa ulinzi nao hupunguza hasara kwa asilimia hamsini, na sisi tulikuwa na vyote viwili, kwa hivyo Kipketer akataka kupeleka wanajeshi wetu wote mlimani kuchimba dhahabu, mji ubaki mtupu, kwa sababu kwa hesabu yake hasara imekwisha.

Nikamwambia si hivyo Baba Kim, mnara unapunguza nusu ya kile kilichobaki baada ya ukuta, robo bado inapita, na robo ikipita kila wakivamia, mji utaisha. Akanijibu, "Fifty na fifty ni hundred, ama mmebadilisha hesabu huko shule?" Ujue, Dada, huyu ni mtu aliyekulia kwenye magunia ya viazi, tangu utotoni anashindilia gunia na kulishonea kilemba cha wavu juu, viazi vizidi mdomo wa gunia vile wanunuzi wanavyotaka, na kwa mtu wa viazi nusu ni nusu ya gunia, ukimwaga nusu juu ya nusu limejaa, unashona. Nikamweleza tena, nikachora, nikapiga mchoro picha nikamtumia. Akaandika, "Wacha uticha. Mimi ndio kamanda." Nikaacha, wanajeshi wakaenda mlimani.

Jumapili mimi na Kimberly tukiwa kanisani wachezaji wengine wakatuvamia, tena kwa zamu. Nilipotoka ibadani nikafungua simu nikakuta ghala limeungua, mashamba yameungua, na hata ile nyumba ndogo ambayo Kipketer alimjengea Kimberly kando ya mto, nyumba isiyokuwa na kazi yoyote katika vita, aliijenga tu, nayo imekuwa majivu. Akapiga simu. Alipiga yeye mwenyewe, jambo ambalo huwa halifanyi, na sauti ilikuwa chini sana, "Mama Kim, hii gemu imetuibia. Si waliandika fifty." Na mimi nimechoka, nimesimama juani na Biblia kwapani, nikamwambia, "Nilikuambia." Halafu akasema sawa, akakata.

Tangu siku hiyo ameifuta gemu kwenye simu yake. Nikimwandikia anajibu "sawa" tu. Nyumbani hajakanyaga, anasema kazi imekuwa nyingi, lakini mwalimu mwenzangu Ndegwa ameliona lori lake limeegeshwa Salgaa, pale malori yanapolala, na yeye amekaa ndani peke yake anaangalia barabara, na kutoka Salgaa hadi kwetu si safari ya kumshinda dereva. Habari ya mwanamke mwingine sijasikia. Kimberly anauliza kama baba ameshajenga mji wake tena, namwambia anajenga.

Mimi niliwaandikia watengenezaji wa gemu. Niliandika barua ndefu yenye mifano na michoro, nikiwaonyesha kila mahali ambapo maneno yao yanapotosha watu, na wakanijibu kwa heshima, wakakubali kwamba hesabu ni kama nilivyosema, kwamba maandishi yatarekebishwa, na wakanipa vito vya kujengea mji upya. Swali langu ni hili. Nimtumie Kipketer hiyo barua yao, aone kwamba sikuwa namdharau, nilikuwa sahihi tu, ili turudi kujenga? Ama ninyamaze? Nimechoka kuwa sahihi peke yangu.

Mwalimu Mchovu, Kuresoi


Mwalimu,

Sikucheka. Nilikaribia, pale kwa waziri wa chakula, lakini nilipofika kwenye ile nyumba ndogo kando ya mto hamu ya kucheka ikaniisha.

Kwanza tumalize hesabu ili isitusumbue tena. Nilichukua viazi jikoni kwangu nikavipanga mezani, nikaondoa nusu, kisha nikaondoa nusu ya vilivyobaki, na kweli mezani palibaki viazi. Vilitosha mboga ya mtu mmoja. Kwa hivyo uko sahihi, umepata alama zote, na hakuna mtu katika gazeti hili atakayekupinga. Sasa weka chaki chini unisikilize.

Hiyo barua ya watengenezaji usiitume. Ukiituma utakuwa umemwambia "nilikuambia" kwa mara nyingine, safari hii na mashahidi kutoka ng'ambo. Unafikiri ataisoma aseme kumbe mke wangu hakunidharau? Ataisoma aone hata wazungu wa gemu wameitwa kuja kumcheka. Ningekuwa mimi ningelala kwenye lori hadi Krismasi.

Na hebu niambie, mama. Mume wako hajui kuongea kwa simu, umesema mwenyewe. Jumapili ile akapiga. Unadhani mtu wa namna hiyo anapiga simu kuuliza robo imetoka wapi? Alikuwa ameunguliwa na nyumba aliyomjengea mtoto wake. Ni ya uongo, sawa, lakini ndiyo nyumba pekee aliyopata nafasi ya kumjengea mwaka huu, na ikaungua akiwa hayuko, akakimbilia kwako. Ukamsahihisha. Ulikuwa umechoka, najua, mtu amesimama juani baada ya wiki nzima ya watoto wa watu huwa hana maneno matamu mdomoni. Nakuhurumia kabisa. Lakini ulimsahihisha.

Wewe nawe Kipketer, kama ukurasa huu umekufikia hapo Salgaa umefungiwa chapati, futa mafuta usome. Umeoa mwalimu wa hesabu. Anakuambia jambo la hesabu, unamjibu wewe ndio kamanda. Kamanda wa nani? Wanajeshi uliwapeleka mlimani, mji ukaungua, na sasa unamnunia mtu pekee aliyetaka kuuokoa. Halafu unakaa ndani ya lori unaangalia barabara ya kwenu kama mtu aliyekatazwa kupita. Hakuna aliyekukataza. Washa gari.

Narudi kwako, Mwalimu, kwa sababu kuna jambo limenifanya niisome barua yako mara ya pili, na jambo lenyewe halimo kwenye gemu.

Umewaandikia watu usiowajua, katika nchi usiyoijua, barua ndefu yenye michoro, ukiwakaripia kwa kuandika "zaidi" bila kusema zaidi ya nini. Vizuri sana. Lakini mume wako alikuja nyumbani akakuambia kwa kazi hii mpya atakuwa nyumbani zaidi, na wewe, mwalimu wa hesabu, ukachinja kuku. Hukumuuliza zaidi ya nini. Alikuwa analala nyumbani kila siku! Jioni ikifika yuko mezani ananuka dizeli. Zaidi ya kila siku ni ngapi?

Mimi sidhani ulikosa kuona. Nadhani uliona vizuri sana, ukaogopa kuuliza kwa sababu alikuwa na furaha na hukutaka kuwa yule ticha tena. Naye labda alijua, akasema zaidi kwa vile ni neno linalotuliza. Mmeishi na neno hilo mwaka mzima. Kila mtu amelijaza anavyotaka, na mkahamia kwenye mji wa simu ambako angalau mngeweza kugombana kuhusu ukuta.

Lori lilichukua nusu ya mume wako. Kimya hiki sasa kinachukua nusu ya kilichobaki, na wiki ijayo kitachukua nusu tena. Hesabu hiyo unaijua kuliko mimi. Haitafika sifuri, utaendelea kuitwa mke wa mtu na kupokea "sawa" kwenye simu. Lakini kitakachobaki hakitoshi mlo.

Kwa hivyo utafanya hivi. Huyo Ndegwa wako mwenye macho mazuri mwambie akushikie vipindi vya Ijumaa alasiri. Mpikie Kipketer viazi vya kwenu, uvifunge vikiwa moto, umchukue Kimberly, mpande gari hadi Salgaa au popote atakapokuwa ameegesha. Usimwambie unakuja kuzungumza, mwanamume wa aina hiyo ukimwambia mnahitaji kuzungumza atakuwa ameshafika Busia. Mwambie unaleta chakula. Ile barua ya watengenezaji iache nyumbani, na mchoro pia, na hata kichwani usiende nao.

Ukifika panda ndani ya hilo lori mketi wote watatu, maana mtoto huyo hajawahi kuona mahali baba yake analala, na ni vizuri ajue. Kisha mwambie, "Baba Kim, pole kwa ile nyumba ya Kimberly." Ukimaliza hapo, umemaliza. Usitie "lakini" baada yake. Najua itakuwasha ulimi. Mpe kiazi ule na wewe uwe na kitu mdomoni.

Vile vito mpe Kimberly. Waache yeye na baba yake waamue wajenge nini, na wakianza na nyumba kando ya mto kabla ya ukuta, wewe waziri wa chakula unyamaze upande viazi.

Akishakula, akishashiba, na mtoto ameshika simu, ndipo umuulize lile uliloacha kuuliza siku ya kuku. Uliza polepole, bila sauti ya darasani: "Ulisema utakuwa nyumbani zaidi. Zaidi ya nini?" Halafu ungoje. Atatazama barabara, atafuta kioo ambacho hakina vumbi, atasema habari za tajiri na za off ambazo hazikuja. Mwache. Chini ya hayo kuna jibu, na huenda hata yeye hajawahi kulisikia likitoka mdomoni mwake. Litatoka kidogo kidogo, na huenda likawa na makosa.

Usimsahihishe.

Dada Wawira