Kitufe Kilichoziba Mwanya

Magongo, Changamwe

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepoa, au vumbi la mbao bado linakukohoza? Goti la Mama je? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umechafuka. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika kati.

Bwana Faraj atakupigia. Najua alikuwa mnunuzi wa vinyago vyako, na kazi alinipa kwa heshima yako. Kabla hujasikia yake, sikia yangu.

Kazi yetu ni kuchonga sura kwenye kompyuta, kisha mashine inazichapa kwa plastiki. Ndani ya programu tunayochongea hupachikwa vijiprogramu viitwavyo plagini, vinavyofanya vyenyewe kazi zinazochosha. Sivichukii. Kimoja hutoa matumbo ya sanamu ili plastiki isipotee bure, kingine hukata kitako ikae sawa mezani. Lakini Bwana Faraj alinunua vingine vya kuziba matundu na kulainisha ngozi, akaviunganisha vyote kwenye kitufe kimoja, na kila sura lazima ipite hapo.

Akaja Mzee Chengo wa Mtopanga, mstaafu wa bandarini, na picha za marehemu mkewe, Kadzo. Alitaka sanamu ya kichwa kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu. Mama yule alikuwa na mwanya mpana, na katika kila picha anacheka. Nikauchonga mwanya ule, na kovu dogo la kidevuni, nikaomba sura hii isipitishwe kwenye kitufe.

"Binti, kitufe hakichagui mtu," akasema Bwana Faraj, akabonyeza mwenyewe.

Plagini ikauona mwanya kuwa ni tundu, ikauziba. Kovu nalo likafutika. Baba, mimi nimekupigia msasa tangu utotoni, na uso ulikuwa hunipi: mgongo piga, miguu piga, uso uache mpaka niseme. Hapa msasa umeachiwa kila kitu, na hakuna wa kusema.

Mzee Chengo alipoipokea alipitisha kidole gumba kwenye meno.

"Huyu ni nani?"

"Ni yeye, mzee wangu," Bwana Faraj akacheka. "Tena tumemrudisha ujanani. Meno kayapata bure."

"Mimi sikuoa huyu."

"Utamzoea."

Mtu ameishi na mkewe mpaka amemzika, halafu anaambiwa atamzoea. Nikasema kazi yangu ilikuwa na mwanya, na faili lake ninalo.

"Nyinyi Wakamba wabishi, wallahi. Wanitahayarisha mbele ya mteja? Ukiichapa tena, Jumatatu usije." Akatoka kwenda kuswali, na siku hiyo hakurudi.

Mzee akasema basi, ataichukua hivyo hivyo, watu wasikosane kwa ajili yake. Hapo ndipo hasira ilinipanda kabisa. Kwa nini yeye ndiye awe mpole? Nikaipokea mikononi mwake kwa adabu, nikafungua faili langu, nikatoa matumbo na kukata kitako kwa plagini zile zile, uso nikauacha. Nikachapa. Alingoja kwenye benchi mpaka ikatoka. Akapitisha kidole, safari hii kikakwama.

"Kadzo," akaita, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili.

Jumatatu sikwenda.

Najua utakaloambiwa: binti yako hana adabu, lakini aombe radhi, nitamrudisha kwa ajili yako. Nawe, kwa upole wako, utaniombea. Usiombe, Baba. Kazi nitatafuta, hata ya kuandikia watu barua. Ukimwomba radhi utakuwa umekubali kwamba uso wa mke wa mtu ulikuwa wake kuubonyeza.

Nisalimie Mama, na Nyanya mzaa wewe, na mdogo wangu Mutua aliyerithi msasa wangu. Bwana Faraj naye akipiga, mjulie hali, kisha mwache akate simu.

Bintiyo,
Mwende