Kiti cha Nane

Kosele, Jumapili, Agosti 1996

Na gari lenyewe hata halijafika nchini! Mume wetu amesikia tu huko Migori: linakuja gari kubwa la dizeli, viti vinane, la kubeba familia yote.

"Mbele ni yangu," nikasema. Mimi ndiye mke wa kwanza.

Mke mwenzangu, Mama Akinyi, akafoka. "Na mimi nikae na mizigo?"

Mume wetu akatuhesabu: yeye, sisi wawili, watoto wanne.

"Na kiti ya nane?" nikauliza.

"Hiyo wachaneni nayo," akasema, akitabasamu peke yake.

Alitabasamu hivyo hivyo kabla ya kumleta Mama Akinyi.

Jioni Mama Akinyi akaja jikoni kwangu, mara ya kwanza tangu aolewe. Tukachambua mboga pamoja. Gari hatukulitaja.