Mkate Ambao Wekesa Hataki

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana. Kitale. Mvua imetushika tangu asubuhi, na mahindi ya watu yalikuwa yameanikwa kando ya lami. Tumekimbizana na maturubai mpaka viatu vimejaa matope. Nimekaa juu ya gunia hapa stoo, chai inapoa. Acha niandike kabla sijapasuka.

Mimi ndiye ninayepima unyevu wa mahindi hapa, kibarua cha msimu. Mavuno yakiisha, kazi imeisha. Ukimuudhi bosi, inaisha mapema. Mwanangu Wekesa, wa miaka mitatu, anakaa kwa mama mkwe wangu Kanduyi, kule Bungoma. Tulimpa jina hilo kwa sababu alizaliwa wakati wa mavuno. Ona sasa, mavuno hayo hayo ndiyo yanamnyang'anya mama.

Mimi huenda kumwona kila Ijumaa jioni, narudi Kitale Jumapili. Na kila Jumapili nimekuwa nikimtoroka.

Msinitazame hivyo. Kwetu nani hamtoroki mtoto? Unamwambia mama anaenda dukani kukuletea mkate, sawa? Unaacha leso yako kwenye kiti ili adhani uko karibu, unapitia nyuma ya jikoni, unashika bodaboda. Kukhu, yaani nyanya yake, ndiye aliyenifunza. Ati mtoto haagwi, ukimuaga unamfunza kulia. Halafu jioni yeye hununua mkate kweli na kumpa: shika, mama ameleta.

Ijumaa iliyopita nilifika na mkate mkubwa, nikijiona mama wa maana. Wekesa akaja mbio, akaona mkate, akasimama. Akaanza kulia. Akanivua kiatu kimoja, akakimbia nacho, akakificha kwenye kiota cha kuku.

Kukhu akacheka. "Huyu siku hizi hataki mkate kabisa. Chai anakunywa tu hivyo hivyo."

Nilicheka pia. Kisha nikaingia chumbani nikakaa kitandani. Mtoto ameelewa kitu ambacho sisi watu wazima hatukukiona: mkate ukija, mama anaondoka.

Jana nikamwambia Kukhu kwamba leo nitamuaga. Akaacha mboga alizokuwa akichambua. "Utamuaga wewe, lakini kilio ni mimi nitabaki nacho." Maneno hayo yalinichoma kwa sababu ni ya kweli. Nikampigia Baba Wekesa, anayefanya kazi mpakani Lwakhakha. "Si umtoroke tu kama kawaida, bana." Kama kawaida! Yeye huja akitaka, hupokewa kama gavana, na hakuna aliyewahi kumuuliza mtoto anamwachia nani. Nikamkatia simu.

Nikachuchumaa mlangoni, nikamshika mikono. Wekesa, mama haendi dukani. Mama anaenda kazini, Kitale. Nitarudi Ijumaa.

Alinitazama sana. "Na mkate?"

"Hakuna mkate."

Hapo akalia. Mungu wangu, alilia mpaka jirani akatoka na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Nikatoka kwa mlango wa mbele, yeye akiniona, leso yangu kiunoni. Kwenye bodaboda nililia kumshinda, na yule kijana akajifanya hasikii.

Nilimfanyia yeye, au niliifanyia roho yangu? Bado sijui.

Asubuhi hii Kukhu akapiga. Nilipoona jina lake niliogopa kushika simu. Akasema mtoto ameamka na hakwenda kuchungulia nyuma ya jikoni, vile yeye hufanya kila Jumatatu. Amekunywa chai. Amekula mkate.

"Lakini ametuchosha," akasema, na nikasikia anatabasamu. "Kila anayeingia anaulizwa kama leo ni Ijumaa."

Furaha yangu haikukaa. Sasa hivi bosi amepita akitangaza: mahindi yameloa, malori mengine yako njiani kutoka Moi's Bridge, wiki hii hakuna mtu kwenda nyumbani mpaka kazi iishe. Watu wamerudi kwenye magunia yao. Hata mimi, na mdomo wangu huu wote.

Zamani ningeinamisha kichwa tu. Wekesa hakuwa akijua nakuja lini, kwa hiyo hata nikikosa, nilijidanganya kwamba hakuna aliyeumia. Sasa anajua siku. Nimempa mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikiwa nimemshika mikono.

Na kazi hii naihitaji, jamani. Ndiyo inayomlisha.

Nekesa, anayeshona magunia hapa stoo, amesogea akaninong'oneza: wewe Ijumaa toroka tu, pitia nyuma ya mizani, mimi nitasema umeenda choo. Anataka kunisaidia, masikini. Nimecheka mpaka nikakaribia kulia, naye hajui kwa nini.

Mvua imepungua. Mlango wa ofisi uko wazi na naona bosi anachokonoa meno. Nainuka.

Mambo ya kutoroka nimeyamaliza jana. Naenda kumuaga bosi naye, uso kwa uso: Ijumaa naenda kwa mwanangu, Jumapili narudi.