Nilimpa Mama Shamba Jipya la Kwenye Gemu, Akasema Nimemhamisha

Mshauri mpendwa, Mama Anatolia, shikamoo, naomba unisaidie kabla ndugu hawajaniitia kikao, maana mimi niliyezoea kuwashauri watu wote wa stendi ya Muleba sasa sina wa kunishauri. Naitwa Gozbert, nauza na kutengeneza simu hapa Muleba mjini, nimefika Kampala, Mwanza na Nairobi, na Dubai nimepita uwanja wa ndege nikanywa chai ya bei mbaya, shule niliachia kidato cha pili lakini wenzangu wananiita nshomile, yaani msomi, wa kompyuta na mimi siwakatazi. Kwenye gemu la mpira la mtandaoni mimi ndiye namba moja Muleba nzima, hadi Kamachumu wananijua, ukitaja jina la akaunti yangu, Simba wa Kagera, vijana wanaweka simu chini.

Sasa mama yangu, Ma Kokubanza, anakaa Rubafu kwenye kibanja cha migomba na kahawa alichoachiwa na marehemu baba. Mwaka jana aliteleza mvua ikinyesha, akavunjika nyonga, daktari akamkataza kuinama na jembe, kibanja kikawa kinapaliliwa na Violeth, mke wa binamu yangu, na Mama anakaa barazani akimwelekeza mpaka Violeth anajifanya hasikii. Nikamhurumia. Nikampelekea kompyuta yangu ya zamani yenye gemu la shamba, lile unalofyeka, unapanda, unamwagilia, unawapelekea majirani wa mtandaoni mazao, nikamfungulia kwa akaunti yangu hiyohiyo kwa sababu gemu nilikwisha kulinunua humo. Nilidhani atalichoka upesi. Waitu, yule mama alilima. Alifyeka pori lote, akapanga migomba na kahawa katikati kama kwake, akalalamika kwa nini gemu halina nyasi za kutandaza shambani, akawa ananipigia asubuhi kunieleza mkungu uliokomaa kana kwamba tutaula. Sauti yake ilirudi kuwa ile ya zamani ya kugombeza watu, nikafurahi kama nimejenga hospitali.

Tatizo ni kwamba akaunti moja haifunguki sehemu mbili kwa wakati mmoja. Nikiingia mimi Muleba, yeye Rubafu anatolewa nje, na simu inalia papo hapo.

"Gozbert, umenitoa tena na ndoo iko mkononi."

"Mama, nina mechi."

"Na mimi nina miche inakauka. Mechi yako inakauka?"

Nacheka, natoka, namwachia. Lakini lilipofika shindano la wilaya nikatolewa nje mimi katikati ya nusu fainali, Mama kaingia kumwagilia kabichi, nikahesabiwa nimekimbia uwanja, na Kahangwa, rafiki yangu anayeuza spea za pikipiki, akatangazia baa nzima kwamba Simba wa Kagera ameliwa na kabichi.

Hapo ndipo nikafanya kitu nilichokiita wema. Sikukuu ya mtakatifu somo wake ilipofika nikamfungulia akaunti yake mwenyewe, nikamnunulia gemu lilelile liwe zawadi, nikaenda Rubafu na soda na keki, nikaitoa akaunti yangu kwenye kompyuta yake, nikamwambia, "Mama, hii sasa ni yako peke yako, hakuna wa kukutoa." Akafungua, akakuta pori, mawe, visiki na kibanda kimoja.

"Migomba yangu iko wapi?"

"Imebaki kwenye akaunti yangu, Mama. Hapa unaanza upya."

"Kwa hiyo umenihamisha."

Mshauri, mimi nikacheka, nikamwambia Mama hili ni gemu tu, migomba yenyewe ni rangi tupu. Akafunga kompyuta taratibu, akaifunika kitambaa. Ujue baba alipofariki, baba zangu wadogo walitaka kumtoa kwenye kile kibanja, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya ukoo nikasema Mama hatoki, jambo ninalojisifia mpaka leo hata nisipoulizwa. Basi akanitazama, akasema, "Baba zako wadogo walikuja na mapanga hawakuweza. Wewe umekuja na keki."

Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Violeth anasema amerudi barazani, anaangalia njia tu, hata kumwelekeza ameacha, na Violeth mwenyewe sasa anaomba agombezwe. Juzi kondakta ameniletea kapu kutoka Rubafu, juu ndizi, chini kompyuta imeviringishwa kwenye kitenge, maana Mama hata akinuna hawezi kutuma mzigo bila ndizi. Nimewaandikia wenye gemu, wamejibu kwamba shamba halihamishiki kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Nikimrudishia akaunti ya zamani nimempa na Simba wa Kagera na vikombe vyangu vyote, na Kahangwa atanizika nikiwa hai. Je, nimwachie muda alizoee lile pori, au nimnunulie gemu lingine lenye shamba kubwa zaidi? Nampenda mama yangu kuliko vikombe, lakini na vikombe navipenda.

Gozbert, Muleba.

*

Gozbert mwanangu, marahaba, na pole kwa chai ya Dubai. Barua yako nilikuwa naisoma nikicheka, nilipofika kwenye keki nikaiweka mezani.

Sikuiti mtoto mbaya. Kompyuta ulimpelekea wewe, si hao ndugu wanaotaka kukuitia kikao. Lakini umekosea, na kosa lenyewe Mhaya hahitaji kuelezwa. Gemu uliloliweka kwenye zawadi unaweza kulinunua tena leo, kesho na keshokutwa. Ile migomba aliipanda yeye, na hakuna duka linaloiuza. Mwanamke aliyekatazwa jembe alipata sehemu moja ambayo bado analima, ukamtoa, ukamwonyesha visiki, ukacheka. Ulitaka akupigie vigelegele?

Hakuna kumwachia muda. Hakuna shamba kubwa zaidi. Anayehama ni wewe.

Nimemuuliza Ayubu, fundi wetu wa kompyuta hapa gazetini. Anasema ile akaunti mpya ibadilishe jina, iwe yako, na ya zamani imrudie Mama. Kisha ziunganishe kwenye mpango wa familia, ambao unakuruhusu kucheza magemu uliyonunua kule huku Mama yuko shambani saa hiyohiyo, na hakuna anayemtoa mwenzake. Soma kwanza masharti ya duka lako, maana si kila duka linakubali, na mengine ukishamwingiza mtu nafasi yake inafungwa kwa muda mrefu. Kwa hiyo Kahangwa na baa yake wabaki nje. Barua pepe ya akaunti ya zamani endelea kuilinda wewe, ili Mama akisahau neno la siri uweze kulirudisha, lakini humo usiingie tena kucheza. Na namba ya kadi yako ifute kabisa, asije akabonyeza pembeni akanunua trekta.

Vikombe vitabaki kwa Mama, ndiyo. Utaanzia chini kabisa, na watoto wa shule watakufunga. Kahangwa atasema sana. Muulize kama yeye ana mama mwenye vikombe vya mpira. Na kama kweli wewe ni namba moja, utapanda tena, au tutajua ulikuwa unatutisha kwa jina.

Kompyuta usimpe kondakta. Panda gari Jumamosi ukalale huko. Usiende na keki. Ifungue akaunti ya zamani mbele yake, umwambie, "Mama, nilikosea, nimekurudisha kwako," kisha ufunge mdomo, na najua kwako hiyo ndiyo kazi. Atakuta kabichi zimekufa na magugu yamejaa, atakugombeza wewe na aliyekuzaa, sikiliza mpaka mwisho.

Akishatulia, toa simu yako, umwonyeshe lile pori na visiki vyake, umwambie ndipo unapohamia. Mwombe muwe majirani humo kwenye gemu na akutumie machipukizi ya migomba ya kuanzia. Atauliza utayapanda wapi, atasema mashimo yako yamebanana, atasema hata baba yako hakuwa anapanda hivyo. Panda anavyosema.