Breki za Baiskeli ya Jirani

Mjukuu wangu Atupele,

Huku Iyunga tu wazima, ila goti la babu yako linamsumbua. Umeniuliza kwa nini kompyuta mbili zinafanana lakini moja ni ghali.

Miaka ya sabini tukiishi Nyololo, uchungu wa kumzaa baba yako ulinishika mvua ikinyesha. Baiskeli yetu ya bei rahisi ilikuwa haishiki breki kwenye maji, basi babu yako akaazima ya jirani, ghali, anipeleke zahanati. Mteremkoni tukateleza, mbele yetu lori limekwama. "Nishike!" akapiga kelele. Breki zikalia, zikashika.

Rangi ya baiskeli ile na jina lake linalong'aa havikutusaidia kitu. Muulize muuzaji wa kompyuta kama pesa yako inalipia breki au rangi.

Baba yako alizaliwa zahanati, si mtaroni.

Bibi yako