Kitambaa cha Mlangoni kwa Seremala

Chumba cha kupanga,
Nyuma ya gereji ya baiskeli,
Jumapili, 3 Mei.

Mpendwa Kaka yangu msomi,

Shikamoo kwanza, nisije nikaambiwa sina adabu. Hujambo huko? Kifua kimetulia, au bado unakohoa kama pikipiki mbovu? Huku Mama mzima ila goti, na mimi mzima kupita kiasi. Mwandiko usiucheke, mimi na shule tuliachana kwa amani.

Barua yako tumeipata. Miwani ya Mama ilikwenda na maji, kwa hiyo nilimsomea mimi, hadi pale unaposema aache kamati ya mafuriko, utakuja mwisho wa mwezi umchukue. Alinipa kalamu tu. "Mjibu wewe, mwenye mdomo."

Kamati yenyewe ni Mama, mkunga, na yule muuza mkaa mwenye sauti ya tarumbeta. Walipita nyumba hadi nyumba. Penye mtu asiyeweza kukimbia, Mama alifunga kitambaa chekundu mlangoni, ili maji yakija waanzie hapo. Vijiweni wakamwita Mama Mvua. Nilimtetea kwa ngumi, na nilishinda, wasikudanganye.

Maji yalikuja mchana, jua linawaka. Kumbe mvua ilinyesha huko juu milimani. Mkunga akapuliza filimbi. Nikakumbatia cherehani, ile iliyokulipia ada. Mama akasema, "Weka chini. Chuma hakina mama. Njoo unibebee watu."

Nikawabeba, Kaka! Yule bibi mnene wa jirani nilimweka mgongoni hadi shuleni, na njia nzima ananisuta, "Taratibu, we mbuzi, unanitikisa!" Kila mlango wenye kitambaa ulifunguliwa. Nyumba yetu ikaenda, na cherehani ndani yake.

Sasa kaa kitako. Seremala aliyekuchongea kile kiti chako cha darasa la kwanza hatunaye tena. Mguu ulikuwa umemshinda kabisa, na Mama alimfungia kitambaa kwa mkono wake. Lakini tulipopita mbio, mlango wake ulikuwa mtupu. Tukadhani mwanawe kamchukua.

Maji yaliposhuka, ndimi niliyemkuta. Kitambaa alikuwa amekifungua, akakizungushia mpini wa msumeno uliopasuka. Hakutaka wapita njia waone kwamba fundi amekuwa mzigo. Nikauchukua msumeno, nikampelekea Mama.

Mama alishinda na msumeno ule mapajani, hali chakula. Nikadhani ataiacha kamati, kama unavyotaka wewe. Kulipokucha akaazima cherehani, akawaita wenzake.

"Nilimtundikia aibu mlangoni," akawaambia. "Na mtu mzima haachi aibu yake ikining'inia."

"Sasa tuwafiche?" muuza mkaa akauliza.

"Tutundike kwetu pia."

Basi siku hizi kila mlango una kitambaa, wa mgonjwa na wa mzima, wa mwenye duka na wetu tusio na hata kijiko. Ukikimbia, unakifungua unaondoka nacho. Kikibaki mlangoni, ndani kuna mtu. Wale wa vijiweni sasa wanakuja wenyewe kuomba, tena kwa "shikamoo Mama".

Kwa hiyo njoo, lakini njoo ule ulale, si kumchukua. Mama haendi. Nguvu ninazo mimi, kichwa anacho yeye. Ukimwambia nimesema hivyo nitakana.

Msalimie shemeji. Mwanao mwambie misuli ya ukoo iko kwa baba yake mdogo. Mkunga anakusalimu, anasema kofi lako la kwanza duniani alikupiga yeye. Mungu awalaze pakavu.

Wako akupendaye hata ukinuna,
Mdogo wako.

Hicho chekundu kilichodondoka ulipofungua bahasha ni chako. Mama amekikata kwenye gauni lake, maana vitambaa vimekwisha. Anasema hata huko mvua hunyesha. Kifunge mlangoni, Kaka, usikitie mfukoni.